Fomu Niliyoijaza Nikiwa Nimeshiba

Wanangu, mnanijia hapa Kigonsera na simu zenu zenye vioo vikubwa kama sinia, mnaniamkia shikamoo ya harakaharaka, halafu swali ni lile lile: "Bibi, huko ninakohamia ninunue laini ya kampuni gani?" Nikiwauliza wenyewe mmefikia wapi, mmoja ananiambia kampuni fulani ina rangi nzuri. Mwingine amepewa fulana. Wa tatu, huyu ni mwalimu mwenye stashahada, aliniambia ameipenda moja kwa sababu mtangazaji wake redioni ana sauti nzito. Nilimtakia heri. Alikuwa anakwenda kufundisha ndani kabisa huko Litumbandyosi, na nilimshauri abebe na filimbi.

Mimi nimefanya kazi ya kupima mtandao tangu siku zile ambapo mtu mwenye simu Mbinga mjini alikuwa anaitoa mfukoni kanisani ili waumini waione. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kampuni inataka kujua simu zinashika wapi na hazishiki wapi. Unapanda gari, unashuka kila kijiji, unapiga simu, unajaza fomu. Fomu zinakwenda makao makuu, na huko watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka wanapaka ramani rangi. Palipopakwa, mteja anaambiwa huduma ipo, na mnara mwingine haujengwi, maana nani ajenge mnara mahali penye huduma? Kwa hiyo kalamu yangu ilikuwa na nguvu kuliko ya diwani, ingawa viatu vyangu havikuonyesha hivyo.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Longinus, dereva wa gari letu, ambaye kwenye karatasi za ofisi hakuwa mpimaji wa kitu chochote. Mimi nilikuwa na cheti. Yeye alikuwa na simu nne za kitochi, kila moja na laini ya kampuni yake, amezifunga pamoja kwa mpira wa baiskeli. Kompyuta ya kupimia ilisafiri kwa heshima zote: mvua ikinyesha inafunikwa turubai, mimi naloa. Longinus hakuiamini. "Hiyo inausikiliza mnara," alikuwa akisema. "Mimi nataka kujua mama mwenye mgonjwa atasikika?"

Na mnaijua desturi yetu. Mgeni akifika kijijini haanzi kazi kabla hajala, tena hali popote tu. Anapelekwa mahali pa heshima, na kama si ofisi ya kijiji basi ni kwa padre au kwa katekista. Mahali hapo, kwa sababu wamisionari walipenda upepo, huwa ni kilimani. Longinus hakukataa chakula cha watu, maana kukataa ni kumtukana mwenyeji. Alisema tu, "Nitakula, tena nitamaliza, ila naomba kiletwe kwenye nyumba ile ya mwisho kule bondeni." Wenyeji walidhani ana mchumba huko. Akifika anaomba kuingia jikoni, anapiga zile simu nne moja baada ya nyingine, ndipo ananawa mikono. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, alinijibu, "Ukila kwanza, utapima kwa tumbo." Mimi na cheti changu tulicheka.

Shikeni kwanza elimu kidogo kabla sijafika kwenye aibu. Vile vijiti vinne juu ya kioo si ushahidi. Vinakuambia simu inausikia mnara. Havikuambii kwamba mnara unaisikia simu. Piga, zungumza dakika mbili nzima, umuulize wa upande wa pili amesikia nini, maana wengi huitikia kwa adabu tu. Ingia ndani, funga mlango, piga tena, kwa kuwa ukuta wa tofali na paa la bati vina tabia zao. Rudi saa moja jioni, watu wakiwa wametoka shamba na kila mmoja anamtafuta shemeji yake. Mtandao uliokuwa unakimbia saa nne asubuhi utaukuta unatambaa. Umeme ukikatika, mwendee mlinzi wa mnara umuulize betri zinakaa kwa muda gani. Yule anajua kuliko meneja wa kanda, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Usimuulize mwenyekiti wa kijiji kampuni ipi ni nzuri, atakutajia iliyotoa jezi za timu. Muulize mwanamke anayenunua samaki ufukweni na kuwapandisha Mbinga. Huyo akikosa simu asubuhi moja, samaki wanamuozea, kwa hiyo hana nafasi ya kupenda rangi.

Na angalieni watu wanavyoishi na simu zao. Huko Matiri nilimkuta mkulima mmoja wa kahawa ameifunga simu yake kwenye nguzo ya kichanja cha kuanikia, imekaa pale kama mbuzi. Ikilia anakimbia kutoka shambani, anainama, anaongea na nguzo. Nikamuuliza kwa nini haifungui akaishika mkononi.

"Nikiishika inakufa," akasema. "Tumeshazoeana hivi."

Hatua tatu kutoka kwenye nguzo ile hapakuwa na kitu, kwa sababu mgongo wa mlima uliuziba mnara. Kwenye ramani yetu Matiri ilikuwa imepakwa rangi yote, pamoja na nguzo.

Kulikuwa pia na kijana mmoja wa makao makuu aliyetumwa kutufundisha kazi. Tulimpeleka kusini kabisa mwa upande wetu wa ziwa, karibu na mpaka. Alitoa simu yake ya bei kubwa, akaona vijiti vyote vimejaa, akatuangalia mimi na Longinus kama wavivu wawili walioficha habari njema. Akampigia bosi wake hapo hapo kumpa taarifa, akaongea kwa muda mrefu na kwa madaha, huku Longinus akitazama maji. Simu ilipokatika, salio lote lilikuwa limekwisha, na ujumbe ukaingia kumkaribisha katika nchi ya jirani. Alikuwa amepima mtandao wa watu wengine. Kwa hiyo mkiwa mpakani someni jina la mtandao kabla ya kushangilia vijiti.

Sasa aibu yangu. Kuna kijiji kimoja kando ya ziwa ambacho jina lake nalihifadhi, si kwa kukiheshimu kijiji bali kwa kujionea huruma. Nyumba ziko chini, zimebanwa kati ya maji na ukuta wa mlima. Kanisa liko juu, na kutoka nyumba za chini mpaka kanisani mtu mzima anapanda kwa nusu saa, na akifika anatafuta pa kukaa. Siku ya kukipima Longinus alikuwa amelala na malaria, nikaenda na dereva mwingine ambaye naye aliipenda heshima kama mimi. Tulipelekwa moja kwa moja kilimani kwa katekista. Alikuwa amemwandaa samaki aina ya mbasa, mzima, amelala juu ya sinia na kichwa chake, na ugali wa muhogo unaotoa moshi. Nilikula nikiwa nimeketi barazani. Nilipomaliza niliitoa simu, vijiti vinne. Nilipiga, ikapokelewa, ikasikika vizuri kabisa. Nikaiangalia ile njia ya kushuka kwenye nyumba, nikaliangalia jua, nikaliangalia tumbo langu. Nikajaza fomu nikiwa palepale: huduma ipo, ni nzuri, kijiji chote. Nikatia sahihi na mkono unanukia samaki.

Longinus alipopona alinisoma uso tu. "Ulishuka?" Nikamwambia nilishuka. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia mzee yule, naye amekufa akiwa nao.

Nilistaafu, nikapewa saa ya ukutani na keki. Binti yangu Winfrida akasomea uuguzi, na kazi yake ya kwanza, kwa kuwa Mungu ana daftari lake, ikawa kwenye zahanati ya kijiji kile kile. Zahanati iko chini, karibu na maji. Siku moja alinipigia simu akiwa anahema.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kanisani, mama. Nimepanda. Chini hazishiki."

Samaki wa miaka ile akanipanda kooni. Nikakaa chini kumsikiliza.

Alikuwa na mjamzito mmoja anayeitwa Otmara, tumbo la mapacha, na mmoja wao amekaa vibaya. Otmara alitakiwa kwenda kusubiri karibu na hospitali, lakini nyumbani alikuwa na mkwe aliyepooza, akaahidi kwenda wiki mbili kabla ya siku zake. "Na mapacha hawasomi kalenda," Winfrida akasema. Gari la wagonjwa lilikuwa mwendo wa saa moja. Halmashauri ilikuwa imeipa zahanati simu ya kuliita gari hilo, na kamati ya zahanati ilikuwa inakaa wiki ile kuchagua laini moja ya kuweka. Ilikuwa imeshachagua kabla ya kukaa: kampuni yangu ya zamani. Ramani ilionyesha ndiyo yenye nguvu pale. "Nawaambia haishiki, wanasema sijui kuitumia. Mama, wewe ndiye mtaalamu. Niambie kama ramani ni ya kweli."

Nilimwambia nakuja. Lakini kwanza, kwa woga, nilipitia Mbinga kwenye ofisi ya kampuni yangu, nikitumaini ukweli unaweza kurekebishwa kimyakimya bila mtu kuniona. Nilimkuta kijana mstaarabu, shingoni ana kitambulisho, mezani ana peremende. Nikamweleza kwamba kijiji fulani hakina mtandao kule chini wanakoishi watu. Akaandika kidogo, akanigeuzia kompyuta.

"Bibi, hapa panaonyesha pana huduma nzuri. Kijiji chote."

"Nani amesema?"

"Ramani."

"Mwanangu, ramani hiyo ni mimi."

Alitabasamu kama mnavyotutabasamia wazee. Akanipa namba ya huduma kwa wateja na kunishauri niipige nikiwa kule kule kwenye tatizo. Nikachukua peremende mbili, nikaondoka.

Kamati ilikaa kwenye baraza la zahanati, na wanakijiji wengine walikuja kusikiliza kwa sababu mgeni ni mgeni. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gotfrid, mtu wa taratibu, mwenye kalamu mbili. Nilipomaliza kusema kwamba laini waliyoichagua haitafaa, alivua miwani.

"Mama Winfrida, wataalamu walikuja hapa wakapima. Iko fomu. Wewe unaipinga kwa lipi?"

"Kwa kuwa niliijaza mimi, Mwenyekiti. Niliijaza kule juu kwa katekista, nikiwa nakula mbasa. Huku chini sikushuka."

Mzee mmoja nyuma akasafisha koo. "Yule mbasa wa siku ile?"

"Huyo huyo."

"Alikuwa mkubwa."

"Alikuwa mkubwa sana, baba."

Baraza zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, nikafikiri nimepona. Kisha mwanamke mmoja kwenye benchi, tumbo limemfikia magotini, akaniamkia. "Shikamoo mama. Mimi ndiye Otmara." Nikaitikia marahaba. Akaendelea kwa sauti ile ile ya kusalimia. "Mtoto wangu wa kwanza alikuja kwa shida, hapahapa. Mume wangu alichukua simu akakimbia kupanda kanisani kuita gari. Gari lilikuja, si kwamba halikuja. Ila kupanda kule kulichukua muda, na mtoto hakuweza kungoja."

Hakuna aliyecheka tena. Nilitamani anitukane, maana tusi unaweza kulijibu. Hakunitukana, alisogeza kanga yake begani na kumwangalia Winfrida aendelee na kikao. Nimeumia mara nyingi katika kazi ile, nimeanguka na pikipiki, nimeumwa na mbwa wa padre, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia barazani pale.

Nikamwomba mwenyekiti aahirishe uamuzi kwa siku tatu. Nilikuwa nimekuja na simu nne za kitochi na laini nne. Nikamuuliza Winfrida kitanda cha kujifungulia kiko wapi, nikakipanda, mimi mwenye miaka sitini na miwili, nikalala chali. Nikamwambia afunge mlango na dirisha, kama siku yenyewe. Wanawake walikuwa wamejazana nje wakinichungulia kwenye tundu la ufunguo kwa zamu, na mmoja nilimsikia akiwaambia wenzake kwamba bibi anajaribu bahati.

Laini ya kampuni yangu ilionyesha kijiti kimoja, ikafikiri, ikafa. Ya pili haikujisumbua hata kufikiri. Ya tatu ilipiga, ikapokelewa, nikasikia sauti ya mtu anayeongea ndani ya pipa, ikakatika. Ya nne ilikuwa ya kampuni ndogo ambayo maisha yangu yote ya kazi nimeidharau, na pale kijijini hakuna aliyewahi kununua laini yake; tulikuwa tunaiita mtandao wa kuku, kwa kuwa ilikuwa inalala mapema. Hiyo ilionyesha vijiti viwili. Nikapiga namba ya dereva wa gari la wagonjwa. Akapokea.

"Haloo, nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Niko kitandani zahanati napima mtandao. Unanisikia vizuri?"

"Vizuri kabisa. Una miezi mingapi?"

"Nina miaka sitini na miwili."

Akasema kwa upole anaomba kuongea na muuguzi.

Sababu ilikuwa wazi nilipotoka nje na kutazama. Mnara wa kampuni ile ndogo uko upande wa pili wa ghuba, hauzibwi na mlima, na mawimbi yake yanapita juu ya maji mpaka zahanati. Minara yetu mikubwa iko nyuma ya mlima, inalihudumia kanisa. Hilo lingejulikana siku ile ya kwanza kama ningetembea nusu saa kwenda chini.

Sikuridhika na mara moja. Nilipiga saa moja jioni watu wote wakiwa hewani. Nilipiga asubuhi mvua inapiga bati mpaka husikii unachowaza. Nilipiga kutoka kitandani, sakafuni, na nyuma ya kabati, kwa maana mwenye uchungu hachagui pa kusimama. Katekista, yule yule, alituma mtu kusema chakula kiko tayari kilimani. Nikamjibu kwa heshima naomba kiletwe huku chini, nikikamilisha nitanawa. Siku ya tatu Mzee Gotfrid aliandika kwenye daftari la kamati kwa kalamu ya kwanza, akapiga mstari kwa kalamu ya pili, na zahanati ikanunua laini ya mtandao wa kuku.

Nilirudi Kigonsera kwenye mibuni yangu. Siku ya tisa, saa tisa alasiri, Winfrida, ambaye naye sasa alikuwa na laini ya mtandao wa kuku, alinipigia kwa maneno matano tu: "Otmara ameanza. Gari nimeliita. Omba." Ikakatika kwa sababu yeye alikata, si mtandao. Siku ile na zilizofuata sikusikia neno lingine. Sikulala na sikula, nilishika simu mkononi na kuihamisha kila pembe ya nyumba, mimi mtaalamu, kama vile habari inakaa pembeni. Jirani yangu aliniuliza nimepatwa na nini, nikamwambia nasubiri majibu ya mtihani niliofeli zamani.

Siku ya tano tangu hapo simu ikalia. Ilikuwa namba ya Winfrida, lakini sauti haikuwa yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani huyu?"

"Otmara. Nimerudi jana kutoka hospitali, walinipasua. Niko hapa zahanati, Winfrida anawapima uzito. Unanisikia?"

Nikasema namsikia. Nilitaka kusema mengi juu ya yule wa kwanza, nilikuwa nimeyapanga tangu barazani, lakini yeye akaniwahi.

"Ngoja nikupe huyu," akasema. Nikasikia pumzi ndogo tu, karibu kabisa na sikio. "Huyo hana neno. Ngoja nikupe mwenzake, yeye ana malalamiko."

Mtoto akalia kwenye simu kwa nguvu zake zote, bila kukatika hata mara moja. Sikumuaga wala sikumbembeleza, nilimsikiliza mpaka salio la mwanangu likaisha.